Kwa nini Mzambia hakukusubiri: kurekebisha Kiingereza cha kuulizia mipango na kutoa mapendekezo

Mama mmoja muuza unga, aliyeizoea barabara ya kwenda mpakani Kasumbalesa kuliko madereva wengi, aliingia darasani kwangu jioni moja na simu mkononi, uso umemshuka. Bwana anayemuuzia magunia kule Chingola, Zambia, alikuwa amemwandikia: "Why don't you come on Saturday?" Naye akajibu kwa adabu zote: "Because my child is sick. Sorry." Ilipofika Jumapili, magunia yake yalikuwa yamekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Mama alidhani anadaiwa maelezo, kumbe alikuwa anakaribishwa. Na yule bwana, alipopewa sababu pale alipongojea "ndiyo", alielewa kwamba mwaliko wake umekataliwa.

Nafundisha Kiingereza hapa Lubumbashi saa za jioni. Wanafunzi wangu ni watu wazima waliosoma kwa Kifaransa na wanaoishi kwa Kiswahili. Wengi wanakitafuta Kiingereza kwa sababu mpaka wa Zambia uko karibu, kama kilomita 90 tu, na ng'ambo yake ndicho lugha rasmi ya nchi. Ni kweli, sokoni Kibemba kinatosha, na wengi wetu tunacho. Lakini ujumbe wa biashara, ankara, barua pepe na miadi ya ofisini huja kwa Kiingereza, na hapo ndipo vineno tisa vinapoanza kutusumbua: can, could, will, would, shall, should, may, might, must. Wanafunzi wanavijua vyote. Walivikariri shuleni, kila kimoja na tafsiri yake ya Kifaransa pembeni. Kwa hiyo kosa halionekani daftarini. Linaonekana usoni mwa mtu unayeongea naye, au kwenye miadi iliyopotea bila mtu kujua imepoteaje.

Tafuta hapa chini kile kilichokupata, kisha usome chanzo chake.

Kwanza kabisa: uamuzi uko kwa nani?

Chukua sentensi tatu za kwetu. "Kesho unaenda Kasumbalesa?" Anayeuliza hivi anadhani safari imekwisha kupangwa, anataka kujua tu. "Kesho utaenda Kasumbalesa?" Labda imepangwa, labda bado. "Kesho twende Kasumbalesa?" Hapa hakuna kilichopangwa. Natoa wazo, tuliamue pamoja.

Kazi yote ya sentensi ya tatu imefanywa na ile "e" ndogo ya mwisho. Twende, tule, nikusaidie, waje. Kiswahili kimeliweka pendekezo kwenye mkia wa kitenzi. Hata hapa mjini, tunaposema "tuende tukule bukari" (yaani ugali) na wenzetu wa pwani wakashangaa, ile "e" hatujaiacha.

Kiingereza hakina mkia huo. Kinachoweza kufanya ni kuweka neno zima mbele ya kitenzi, na kila neno kati ya yale tisa linasema uamuzi uko wapi: kwangu, kwako, kwetu sote, au tayari umekwisha kufanyika. Ukikosea neno, unauhamisha uamuzi bila kujua. Dalili nyingi zinazofuata zinaanzia hapo.

Dalili: umeulizia mpango tu, mwenzako akaona unamsukuma

Ulitaka kujua kama kesho atakuwepo. Ukaandika "Will you come tomorrow?" Akajibu "Ok, I will, I will," kama mtu aliyebanwa, au akaanza kujitetea kwamba ana kazi nyingi.

Chanzo ni kwamba tulifundishwa will ni -ta-. Tafsiri hiyo si mbaya, na ina hadithi nzuri ndani yake. Zamani will ilikuwa kitenzi cha kawaida cha Kiingereza chenye maana ya kutaka. Na -ta- yetu? Wanaisimu wanaitoa kwenye "taka", na ushahidi tunautamka kila siku: katika "atakayekuja" na "utakapofika", "taka" imebaki nzima, inaonekana kwa macho. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zilitoka kwenye kutaka zikafika kwenye kesho. Kila ninapoliandika hilo ubaoni, darasa linatulia, na mimi mwenyewe sijachoka kulifurahia.

Tofauti ni kwamba -ta- imesahau ilikotoka, na will haijasahau kabisa. Ikikaa kwenye swali pamoja na "you", ile harufu ya kutaka inarudi. Unakuwa unamwuliza mtu kama yuko tayari kufanya jambo, wala humwulizi kama amelipanga. "Will you help me?" ni ombi. "Will you marry me?" ni posa.

Kwa hiyo, kama miadi imewekwa na unataka uhakika, sema "Are you coming tomorrow?" Kama unaulizia nia, jambo ambalo mtu amelikusudia lakini huenda hajalipangia siku, sema "Are you going to buy more flour this month?" Na kama unaongea na mtu wa kuheshimiwa, mteja mkubwa au ofisa, kuna sentensi ya tatu ninayoipenda kuliko zote: "Will you be coming tomorrow?" Will imerudi, lakini lile umbo la -ing limeipoza. Unauliza mambo yatakavyokuwa kesho, na mtu anaweza kujibu hapana bila kujiona amekukatalia wewe. Mhudumu wa hoteli anayekuuliza "Will you be staying another night?" anafanya hivyohivyo: anataka habari, na anakuachia nafasi.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni neno "tafadhali". Litie kwenye sentensi yako ya Kiswahili. "Utanisaidia, tafadhali?" Limekaa vizuri, basi ni ombi, na "will you" au "could you" inafaa. "Kesho unakuja, tafadhali?" Limekwama, basi unaulizia mpango, na "will you" peke yake iache.

Dalili: pendekezo lako limepokelewa kama amri

Kijana mmoja anayefanya kazi ya usafirishaji alimwandikia mkubwa wake wa Ndola: "You must call the client today." Alikuwa anamsaidia. Mkubwa akamjibu kwa mstari mmoja mkavu, na wiki ile yote hapakuwa na amani.

Kijana alikuwa amefikiri kwa Kifaransa, "il faut", na chini ya Kifaransa kulikuwa na "inafaa" yetu. Maneno hayo mawili ni mapana mno. "Inafaa umpigie" inaweza kuwa ushauri wa rafiki, na inaweza kuwa lazima isiyo na mlango wa kutokea, sauti na uso vikiamua. Must haina upana huo. Kwenye karatasi haina sauti wala uso, imebaki lazima tupu.

Hebu tushuke ngazi kutoka juu. "You must call" ni sharti. "You should call" ni ushauri, naona ndivyo inavyofaa, na inatosha kwa mwenzako wa rika moja. "You could call" ni njia mojawapo kati ya njia kadhaa, achague mwenyewe. "You might want to call" ni ya chini na ya adabu zaidi, unamnong'oneza mkubwa wako jambo ambalo huenda ameshalifikiria. Yule kijana alihitaji mojawapo ya hizi mbili za mwisho. Nilimpa pia "Should we call the client today?", kwa sababu "we" inamweka yeye kazini pamoja na mkubwa wake, na alama ya kuuliza inamrudishia mkubwa uamuzi.

Kuna neno moja linalodanganya kuliko yote, nalo ni "had better". Mtu anaona "better", anakumbuka "mieux" ya Kifaransa, anajisemea hili ni pole, maana yake ingekuwa vizuri zaidi. Kisha anamwandikia mteja: "You had better pay before Friday." Mteja anasoma: lipa kabla ya Ijumaa, la sivyo utaona. Hilo ni onyo, na lina kitisho ndani yake. Mzazi anaweza kumwambia mtoto, rafiki anaweza kumwambia rafiki anayechelewa basi. Usilipeleke kwa mkubwa wako wala kwa mteja. Andika "It would be better to pay before Friday," au "Could you pay before Friday?"

Kwa upande mwingine, usiiogope must kila mahali. Mzambia akikwambia "You must come and visit us!" amekukaribisha kwa moyo wote, kama sisi tunavyosema "lazima uje, usipokuja tutakasirika." Angalia faida ni ya nani. Ikiwa anayeambiwa ndiye atakayefaidi, must ni ukarimu. Ikiwa faida ni ya anayesema, must ni amri.

Wako wanaokimbia could na would kwa sababu waliandikiwa shuleni kwamba ni za wakati uliopita. "Mwalimu, miadi ni ya Jumanne ijayo, nitasemaje could?" Nami nawauliza: unapobisha mlango wa ofisi, unasemaje? "Nilikuwa naomba dakika moja." Nilikuwa! Ombi ni la sasa hivi, nawe unalisema kwa wakati uliopita. Tunalirudisha nyuma hatua moja ili lisimgonge mtu usoni. Kiingereza kinafanya hivyohivyo: could imetoka kwenye can, would kwenye will, should kwenye shall, might kwenye may, na zote nne leo zinatumika kusogeza jambo mbali kidogo. "Could we meet on Tuesday?" ni "nilikuwa naomba tuonane Jumanne". Ukilishika hilo huhitaji orodha ya adabu.

Tukiwa hapa, kosa jingine la jamii hiyo ni "You can send me the list." Kwa Kifaransa "tu peux m'envoyer la liste" hupita kama ombi, sauti ikipanda kidogo mwishoni. Kwa Kiingereza kilichoandikwa, bila alama ya kuuliza, umempa mtu ruhusa ambayo hakuiomba. "Could you send me the list?" Kitenzi kisaidizi kitangulie.

Dalili: umealikwa, nawe ukatoa sababu

Turudi kwa mama wa unga. "Why don't you" na "why don't we" kwa maneno yake ni "kwa nini hu-" na "kwa nini hatu-", na kwa Kiswahili "kwa nini huji" inanuka lawama. Kwa Kiingereza, mara nyingi kwenye mazungumzo ya mipango, ni mlango wa pendekezo. "Why don't we share a truck?" maana yake tushirikiane lori, unaonaje?

Utaitambuaje? Tazama wakati. Siku iliyotajwa ikiwa iko mbele yenu, umependekezewa. Lawama ya kweli ingekuja na didn't: "Why didn't you come on Saturday?" Tazama pia herufi moja ya mwisho: "on Saturday" ni Jumamosi hii, "on Saturdays" ni kila Jumamosi, na hapo kweli anauliza tabia yako. Herufi moja hiyo huwapotea wengi, kwa sababu hata Kifaransa chetu hakiitamki "s" ya mwisho.

Jibu la mwaliko lina sehemu mbili hata unapokataa: pokea, kisha toa badala. Mama alikuwa anahitaji: "I'd love to, but my child is sick. Could I come on Monday?" Sababu imo, mtoto ametajwa, ila mlango umebaki wazi. Tulimwandikia yule bwana ujumbe huo darasani, sote tukichungulia simu, ingawa Jumamosi ilikuwa imekwisha pita na ilibidi tubadilishe siku.

Ukitaka wewe ndiye upendekeze, kuna zawadi ambayo vitabu vyetu vya shule, vilivyoandikwa kwa kufuata Kifaransa, haviwezi kukupa. Kila mahali ambapo Kiswahili kina swali lenye "e" ya mwisho kwa mimi au kwa sisi, Kiingereza kina shall. Nikusaidie? "Shall I help you?" Nifungue dirisha? "Shall I open the window?" Twende? "Shall we go?" Tuanze? "Shall we start?" Inalingana neno kwa neno. Mfaransa anahangaika na shall kwa sababu hana kifaa cha kulingana nayo, sisi tunacho tangu utotoni. Bado nawasikia wanafunzi wakisema "I help you?" na "We go?", wakitegemea sauti peke yake ifanye kazi, kama Kifaransa cha mitaani kinavyowazoesha. Msikilizaji anaona sentensi haijakamilika.

Shall hii inakaa na I na we tu. "Shall you come?" haisemwi tena katika mazungumzo. Na mtu akikuuliza "Shall we go?", jibu zuri ni "Yes, let's." Wamarekani wengi hupendelea "Should we go?" au "Do you want to go?", lakini ng'ambo ya mpaka wetu, ambako Kiingereza kilitoka Uingereza, shall utaisikia.

Mikia nayo usiichanganye. "Shall we go", "let's go", "why don't we go", zote zinataka kitenzi kitupu. "How about" peke yake inataka -ing: "How about going on Monday?"

Dalili: umesubiri siku nzima, hakuja mtu

Mwanafunzi mwingine alishinda mpakani kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, kwa sababu aliambiwa "The truck should arrive at noon." Alisikia "lori linapaswa kufika saa sita mchana", akaelewa kuna agizo na dereva atalifuata. Should ya namna hii haina uhusiano na wajibu. Maana yake: nikihesabu safari, natarajia litafika mchana, mambo yakienda kama kawaida. Na anayeijua foleni ya malori ya Kasumbalesa anajua mambo ya kawaida pale ni machache.

Kwa hiyo mtu anapokupa mpango wake, pima uzito wa neno kabla ya kupanga siku yako. "I'll be there at ten": amejifunga. "I should be there at ten": anatarajia. "I may come": huenda. "I might come": huenda, na usiache kazi zako kwa ajili hiyo. "I could come on Friday" ni jambo jingine kabisa, ametoa nafasi na anangojea umjibu. Usipojibu, hatakuja, na kosa litakuwa lako. Mjibu: "Friday is fine. Shall we say ten o'clock?"

Ukipewa might na wewe una haja ya uhakika, uliza bila kumbana: "When will you know?" Swali hilo fupi limewaokoa wengi.

Dalili: ulisema ndiyo, akaelewa kinyume

Uliulizwa "Aren't you coming?" Huendi. Ukajibu "Yes." Wakakuwekea kiti.

Kwetu "ndiyo" inaunga mkono maneno ya aliyeuliza. "Huji?" "Ndiyo, siji." Kiingereza hakijali swali lilikuwa na ukanushi au la. Kinatazama jambo lenyewe: unakuja, ni yes; huji, ni no. Dawa ni kutoliacha yes au no peke yake. "No, I'm not." "Yes, I am." Ukilisindikiza, hata ukikosea neno la kwanza, la pili litakusahihisha.

"Would you mind" ni ya ukoo huo. "Would you mind waiting?" ni kuuliza kama itakuudhi kusubiri. Ukijibu "Yes" umesema itakuudhi. Anayekubali anasema "No, not at all," au, kama kichwa kimechoka, "Sure, no problem." Kitenzi kinachofuata kiwe na -ing.

Na "Won't you sit down?" usiisome kama malalamiko. Umekaribishwa kiti.

Dalili ya simu: ulisema utakuja, wakasikia huji

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine, kwa sababu mtu hana kosa lolote la sarufi. Alisema "I want to come." Mwenzake alisikia "I won't come." Vinywa vyetu vinatamka want na won't karibu sawa, na mtandao ukikatakata, "to" inamezwa. Sauti zenyewe zinatofautiana: want ina "o" fupi iliyo wazi, won't ina "o" ndefu inayoelekea kwenye "u", karibu "wount". Fanya mazoezi, lakini kwenye simu usitegemee mazoezi. Sema "I will not come", maneno yote kamili. Na badala ya want, sema "I'd like to come." Ni adabu zaidi, na haiwezi kusikika kinyume.

Can na can't ni pacha wao. Mwingereza anaposema "I can come" anaimeza can, inabaki kama "kn", na uzito unakwenda kwenye come. Uzito ukiangukia can, yeye anasikia can't, kwa sababu can't ndiyo inayobeba uzito siku zote. Sisi tunatamka kila silabi kwa ukamilifu, na ndivyo ilivyo heshima ya Kiswahili, lakini hapo inatugharimu. Njia salama ni kuongeza kitu kinachothibitisha: "Yes, I can come. See you at ten." Mtu asiyekuja hataji saa.

Makosa ya haraka haraka

Baada ya vile vineno tisa hakuna to. "We can to go" na "I must to call" zote ni makosa. Ought ndiyo inayotaka to, na hukutana nayo mara chache.

Havichukui "s". "He cans" haipo, wala "she musts". Havitaki do kwenye swali pia: "Do you can come?" iwe "Can you come?"

Havikai viwili pamoja. Tunasema "ataweza", Kifaransa kinasema "il pourra", kwa hiyo mkono unaandika "he will can". Iwe "he will be able to."

"I suggest you to go" ni kosa la hata walio mbele sana. Sema "I suggest we go on Monday" au "I suggest going on Monday."

Na hili linastahili pumzi: "When you will arrive, call me." Kiswahili kinasema utakapofika, Kifaransa nacho kinaweka wakati ujao hapo, kwa hiyo lugha zetu mbili zinatusukuma upande mmoja na kosa linakuwa gumu kung'oka. Kiingereza kikishasema when au if, hakiitaki will tena kwa kawaida. "When you arrive, call me." "If you come on Monday, we can load together." Nawashauri waandike sentensi kumi za namna hiyo kuhusu safari zao wenyewe, na wazisome kwa sauti mpaka sikio likubali.

Shall iliyo kwenye karatasi

Nimesema shall ni ya kupendekeza. Ukiikuta kwenye mkataba, sahau hayo yote. "The buyer shall pay within 30 days" haikuulizi unaonaje. Maana ya kale ya shall ilikuwa kudaiwa na kulazimika, na mawakili wameitunza hivyohivyo. Hapo mnunuzi analazimika kulipa ndani ya siku 30. Mwanafunzi wangu mmoja wa vipuri vya magari alisaini karatasi kama hiyo akidhani tarehe bado inajadiliwa, kwa sababu darasani alikuwa amejifunza "Shall we?" kwa furaha kubwa. Lawama hiyo ni yangu, nilimfundisha nusu. Sasa naifundisha siku ileile, nusu zote mbili, na namwambia kila mmoja: ukiona shall bila alama ya kuuliza, weka kalamu chini kwanza, na uandike "Could we change the date before I sign?"